Moshi wa Entin Hadi Kona

Entin Rukoyah alikuwa na masikio mawili kama binadamu yeyote, ila la kushoto lilikuwa la kuvalia hereni tu. Mitambo ya kufuma saruni ilikuwa imelimaliza. Hapa Majalaya, mji wetu wa viwanda vya saruni, hilo si jambo la kumtolea mtu macho. Ukimwona mwanamke mzima anageuza shingo kama kuku anapoongeleshwa, huulizi ana nini, unauliza alifumia kiwanda cha nani. Entin alifumia kwa Haji Uus tangu kabla hajaolewa, akisimama katikati ya mitambo inayopiga kelele kama bati la paa linalorushiwa mawe na watoto walioshindikana.

Siku daktari wa zahanati alipomwambia kwamba la kulia nalo limeanza kufunga virago, na kwamba akiendelea kusimama palepale litamfuata mwenzake, Entin alirudi nyumbani akakaa jikoni bila kuvua viatu.

"Kang," akamwambia mumewe, kama wake wa kwetu wanavyowaita waume zao, "sema kitu."

Endi, fundi pikipiki, mtu ambaye maneno yake hutoka kwa mgawo, akashangaa. "Niseme nini?"

"Chochote. Nataka kujua nitakachokikosa."

Endi akafikiri, akafikiri tena, akasema, "Samaki wa leo chumvi imezidi."

Basi. Ndiyo mapenzi yetu hayo. Wanaotaka mengine waende Jakarta.

Tangu siku hiyo Entin alikuwa anatafuta kitu kimoja tu duniani: kiti katika chumba kimya. Na kiti kikaja chenyewe. Mnunuzi mkubwa wa saruni za Haji Uus, kampuni moja ya ng'ambo, alileta taarifa kwamba kila saruni sasa lazima ijulikane imetoa moshi kiasi gani mpaka inatoka mlangoni. Haji Uus alifura wiki nzima. "Mimi nauza saruni, siuzi mkaa!" Lakini mnunuzi ni mnunuzi. Ikabidi apatikane mtu wa kwenda Bandung kwenye mafunzo. Fundi mkuu akasema presha imempanda. Mhasibu akasema ana harusi ya binamu, na kwa kuwa binamu zake wanazidi nywele zake, hakuna aliyeweza kumbishia. Haji Uus akaja mwenyewe mitamboni, akapaza sauti juu ya ile kelele.

"Nani anataka kazi ya ofisini? Mambo ya nishati na kaboni!"

Entin akainua mkono hata kabla Haji hajafunga mdomo.

"Wewe Entin unaijua kaboni?"

"Nitaijua, Pak Haji. Inakaa chumba kimya?"

"Inakaa chumba chenye feni."

"Basi nitaijua vizuri sana."

Kule Bandung walikuwepo wahandisi wenye kompyuta nyembamba kama keki ya mchele, na siku ya kwanza tu walitoka jasho. Mwalimu alikuwa anamwaga vifupisho kama anayetawanya mahindi kwa kuku. kWh, kVA, tCO2e, na vingine ambavyo hata yeye alivitazama kwanza ubaoni kabla ya kuvitamka. Entin hakutishika. Sisi Wasunda, wenyeji wa huku, chakula chetu chenyewe ni vifupisho. Cireng ni unga wa muhogo uliokaangwa, cilok ni unga uleule uliochomekwa kijiti, comro ni muhogo uliofichiwa pilipili tumboni. Kila jina limekatwakatwa kutoka maneno marefu, na hakuna mtoto wa Majalaya anayeuliza kirefu chake kabla ya kumeza. Entin akavimeza na vya Bandung vivyo hivyo, na kirefu chake akakijua baadaye, tumbo likiwa limeshazoea.

Aliporudi, mtu wa kwanza kumtahini alikuwa Mang Oded, bawabu, mjomba wa kila mtu, anayegawa visahani vyenye namba vya kuegeshea pikipiki getini na kutoza kila mwenye kisahani dakika mbili za umbea.

"Enhe, msomi," alisema Mang Oded, mdomo umejaa comro. "kWh na kVA, tofauti yake nini?"

"kVA ni upana wa mdomo wako, Mang. kWh ni kilichoshuka tumboni."

"Na watu wa umeme wanamtoza Haji kipi?"

"Vyote viwili."

"Yaani nikipanua mdomo tu, sijala, nalipa?"

"Unalipa."

"Hao wana tabia za mama mkwe wangu. Na huo moshi mnaupimaje, kwa kibaba?"

"Kuna mafungu matatu. La kwanza ni moshi wa jiko lako mwenyewe, yaani boila yetu. La pili ni moshi wa jiko la anayekuuzia umeme. La tatu ni moshi wa kila mtu mwingine anayekuja na kuondoka kwa sababu yako. Halafu moshi wote unabadilishwa unakuwa wa aina moja, kama unavyobadilisha riyali za Hija zikawa rupia, ndiyo hiyo tCO2e."

Mang Oded akatafuna kidogo. "Kwa hiyo fungu la tatu ni harusi. Wanakula wao, masufuria unasugua wewe."

Wahandisi wa Bandung walitumia asubuhi nzima kulieleza hilo, na hawakufika hapo.

Kazi ilianza vizuri mno. Entin alianza na boila, akakuta mabomba ya mvuke yako uchi kama watoto wanaooga mtoni, akayavisha. Akabadilisha taa. Akamshawishi fundi mkuu asiwashe mitambo yote kwa mkupuo asubuhi, ule mdomo wa kVA upungue upana. Akatengenezewa bango kubwa la rangi likabandikwa getini: Entin amevaa beji, anatembea kwa miguu, anatabasamu, na chini yake maneno PUNGUZA MOSHI, ANZA NA WEWE. Fungu la kwanza likapungua, la pili likapungua. Haji Uus akaanza kumsalimu kwanza.

Lakini hakuacha kumkumbusha, sasa akimwita Teh, yaani dada. "Mnunuzi ameweka dari la moshi, Teh Entin. Saruni yetu ikipita dari, oda inakwenda kwa wafumaji wa Tegal. Oda ikienda Tegal, mimi sina haja ya mtu wa kaboni. Nina haja ya mfumaji."

Entin alilisikia hilo kwa sikio lake zima.

Likabaki fungu la tatu, na ndani yake kipengele kilichoonekana chepesi kuliko vyote: wafanyakazi wanakuja kazini na nini, kutoka wapi. Entin akaenda kwenye foleni ya chakula cha mchana, watu wameshika wali wao uliofungwa kwenye jani la mgomba, akawauliza mmoja mmoja. Na kwa kuwa mwenye sikio moja husema kama anayeita mtu ng'ambo ya mto, kila jibu lilikuwa la foleni nzima.

"Nining! Unakuja kazini na nini?"

"Na pikipiki yangu," alisema Nining, mfumaji mwenye midomo iliyopakwa rangi tangu alfajiri.

"Peke yako?"

"Kwani nibebwe na nani?"

Foleni nzima ikapaliwa na wali. Kila mtu alijua Nining huja nyuma ya Dayat, fundi wa mitambo, na kwamba Dayat ana mke, na kwamba mke wa Dayat ana kaka wanne.

Entin akaendelea. Mzee Karna wa idara ya rangi, ambaye viatu vyake vimechakaa mpaka vinaonyesha soksi, akasema, "Pikipiki."

"Mzee Karna, mbona nakuona unatembea?"

"Nakuwa nimeiegesha mbali."

Na wasichana watatu wa kukunja saruni, wanaokuja kila siku mshikaki, watatu juu ya kiti cha wawili, kila mmoja akasema ana yake. Mshikaki ni kosa kwa polisi. Kutembea nako ni aibu, maana anayetembea watu husema jamaa wa mkopo wamekuja kuichukua pikipiki yao. Na kupakiwa, je? Kupakiwa kuna nyuma ya nani, na hapo ndipo mazungumzo huanza. Kwa hiyo kiwanda kizima, kwa sauti moja, kilikuja kazini kila mtu na pikipiki yake, peke yake, mgongo umenyooka.

Entin akapiga hesabu. Akapiga tena. Saruni ya Haji Uus ilipita dari ikatokeza juu ya paa.

"Pikipiki zote hizo!" Mang Oded alicheka mpaka akashika ukuta. "Unaziegesha wapi, Teh? Juu ya msikiti?"

"Ndivyo walivyosema."

"Na mimi nikisema ni mkwe wa gavana utaandika? Visahani vyangu havijawahi kuisha hata siku moja."

Visahani havikumsaidia. Havisemi pikipiki imetoka wapi wala imebeba wangapi, na wengi huegesha nje, uani kwa muuza cireng. Kule mafunzoni Bandung walisema aandikwe kila mtu, chombo chake, na umbali wake. Usiku ule Entin hakula. Endi akamuuliza kama chumvi imezidi. Entin akasema hapana, moshi umezidi. Endi akatazama jikoni, akaona moto umezimika, akarudi kwenye sahani yake.

Siku ya pili yake Nining akaingia ofisini, akafunga mlango, akaegemea upande wa sikio zima.

"Teh, mimi si mmbea."

"Najua."

"Yule Karna kakudanganya. Hana pikipiki. Wa mkopo walikuja wakaichukua mbele ya watoto. Anatembea tangu kule Ciparay, maskini, na mvua yote hii. Nimekwambia ili hesabu yako iwe safi."

"Asante, Nining. Na wewe?"

"Mimi nina yangu."

Hata kiti alichokalia Nining hakijapoa, akaja Karna kudai barakoa mpya, na kabla hajatoka akakuna kidevu. "Nisikilize, mwanangu. Yule Nining hajawahi kushika usukani maisha yake yote. Anakuja na Dayat. Wanapitia njia ya makaburini ili wasionekane, na kule ni mbali zaidi, andika na hiyo."

Entin akabaki anautazama mlango. Kumbe alikuwa ameuliza swali sahihi kwa mtu asiye sahihi. Mtu wa Majalaya habari zake ni bubu, habari za jirani ni redio ya taifa.

Akaanza upya. Akawaita ofisini mmoja mmoja, mlango umefungwa, na hakumuuliza mtu habari zake hata kidogo. Alimuuliza habari za wa mtambo wa pili. Kwa kila mfanyakazi alitafuta wawili wa kumsemea, na akahakikisha hao wawili hawaongeleshani, ili wasije wakapanga. Kiwanda hakijawahi kushirikiana na uongozi namna ile. Watu walisahau mapumziko. Walimtajia kona, madaraja, nani anashushwa wapi, nani anasukuma pikipiki mlimani kuokoa petroli, nani alihamia kwa dada yake tangu mafuriko yale. Mmoja alirudi mara mbili kusahihisha.

Ukweli uliposhuka, moshi nao ukashuka. Maana watu wetu ni mabingwa wa kupakiana, wanaona haya kukiri tu. Saruni ikarudi chini ya dari, ukabaki upenyo wa kupitisha karatasi.

Tatizo likabaki moja, na hilo halikuletwa na Nining wala Karna. Lililetwa na Mang Oded, ambaye hakuitwa ofisini, akaona amedharauliwa, akajiita mwenyewe.

"Na wewe, Teh, umejiandika unakuja na nini?"

"Natembea. Huoni bango?"

"Ndiyo, unatembea. Kuanzia kona."

Entin akajifanya sikio la kushoto ndilo lililokuwa upande wake.

Ukweli ni kwamba kila asubuhi Endi alimleta na pikipiki yake ya ujana, ile ya kuchanganya petroli na oili, inayotoa moshi wa buluu wa kufukuza mbu mtaa mzima. Aliinunua kabla hajaoa, alimposa Entin juu yake, na hawezi kuiuza kama asivyoweza kuuza mguu. Tangu bango libandikwe, Entin humshusha... yaani hushuka yeye, kwenye kona ya duka la nyuzi, akakung'uta sketi, akamalizia kwa miguu hadi getini akitabasamu kama kwenye picha.

"Ni pikipiki moja, Mang. Kiwanda kitaanguka kwa pikipiki moja?"

"Sijasema kitaanguka. Nimesema kona."

Mkaguzi wa mnunuzi alikuja siku ya Jumatano. Asubuhi hiyo Entin alivaa kilemba kipya, akapanda nyuma ya Endi, wakaondoka. Barabara ya kiwandani ni nyembamba na gari moja jeusi lilikaa nyuma yao tangu sokoni, halina pa kupita, likimeza moshi wa buluu. Walipofika kona Entin akashuka, akakung'uta sketi. Gari likapita polepole. Kioo kilikuwa wazi kidogo, na ndani yake mwanamke mwenye miwani, leso puani, macho yanamtoka machozi, akamtazama Entin, akatazama pikipiki, akatazama Entin tena.

Nusu saa baadaye mwanamke huyohuyo alikuwa ameketi mezani kwa Haji Uus. Ndiye mkaguzi, anaitwa Bu Widarti, yaani Mama Widarti, na macho yalikuwa bado mekundu.

Alikagua boila. Alipapasa mabomba yaliyovishwa. Hakusifu wala hakulaumu. Alikuwa mtu wa kutikisa kichwa kidogo sana, kama mwenye jino bovu. Kisha wakafika fungu la tatu.

"Nani alikwambia huyu Karna anatembea?"

"Nining, Bu. Na mwingine asiyeongea na Nining."

"Na Nining?"

"Karna. Na mwingine asiyeongea na Karna."

Bu Widarti akaomba Karna aitwe. Karna akaja akiwa na mikono ya zambarau mpaka viwikoni, akaulizwa kuhusu Nining, na akaimba wimbo wote hadi ubeti wa makaburini. Akaulizwa kuhusu yeye mwenyewe, akasema ana pikipiki.

"Imeegeshwa mbali," akaongeza.

Bu Widarti akamshukuru. Karna alipotoka, akazigeukia karatasi za Entin. "Njia hii sijawahi kuiona popote."

"Kwetu ndiyo ya kila siku, Bu," alisema Entin. "Mimi nimeifungulia ofisi tu."

"Na wewe mwenyewe? Unakuja kazini na nini?"

Haji Uus, kwa furaha yote, akadakia. "Huyu! Huyu anatembea, Bu! Picha yake iko getini, umeiona?"

"Nimeiona," alisema Bu Widarti. Hakuwa anamtazama Haji.

Feni ilikuwa inazunguka. Kupitia ukutani mitambo ilisikika, mbali, imepoa, kama mvua ya kijiji cha pili. Entin alikisikiliza kile kimya cha ofisi kwa sikio lake moja, akajua kwamba anaweza kukipoteza kwa kusema kweli na anaweza kukipoteza kwa kusema uongo, na kwamba yule mama leso yake bado ina harufu ya oili.

"Natembea, Bu," alisema. "Kuanzia kona. Kabla ya kona nabebwa na mume wangu, kwenye ile pikipiki iliyokutoa machozi. Tangu nyumbani, pande zote mbili, kila siku. Sikuiandika kwa sababu ya bango."

Haji Uus akafumba macho.

"Inachanganya oili?"

"Inachanganya. Na yeye huzidisha, anasema injini inapenda."

Bu Widarti akavuta kompyuta yake, akaanza kubofya. Entin aligeuza shingo, sikio zima likielekea kwa yule mama, kana kwamba jibu lingetoka kwa kunong'onezwa.

"Dari lenu liko pale pale," alisema Bu Widarti mwishowe. "Mmepita chini yake. Kichwa kinagusa."

Haji Uus akafumbua jicho moja.

"Lakini ungeniambia unatembea," akaendelea, bado anamwambia Entin, "ningerudisha hesabu yote, kuanzia boila. Nisingeamini hata balbu. Mwakani dari linashuka. Tafuta la kufanya kuhusu hao wanaokuja peke yao kweli kweli. Na kuhusu oili."

Oda ikabaki Majalaya. Kiti kikabaki kwa Entin, mwaka mmoja kwanza. Mzee Karna alipata lifti ya kwenda Ciparay, aliyompangia Entin kwa jina la kazi, kupunguza fungu la tatu, hivyo haikuwa aibu ya mtu. Nining naye aliwekwa nyuma ya mama mmoja wa bohari, na kwa siku kadhaa hakumsalimu Entin.

Asubuhi ya pili baada ya ukaguzi, Endi alifika kona ya duka la nyuzi, akasimamisha pikipiki kama kawaida.

"Mbona unasimama?" aliuliza Entin.

"Si kona?"

"Twende mpaka getini. Moshi wako ushaandikwa, Kang. Nimeulipia kwa aibu mbele ya Haji, sitembei tena bure."

Endi akaitia gia. Wakaingia geti la kiwanda na wingu lao la buluu, wakapita mbele ya bango ambapo Entin wa picha alikuwa bado anatembea kwa miguu na kutabasamu, Entin wa kweli amekaa kitako nyuma ya mumewe. Mang Oded akakohoa kwa mbwembwe, akawapungia kisahani. "Pisheni! Fungu la tatu linaingia!"

Endi akageuza kichwa upande wa kulia akasema kitu juu ya kelele za injini.

"Umesemaje?"

"Nimesema mwakani nitapunguza oili. Kidogo."

Entin akashuka, akakung'uta sketi, akaingia ofisini kwake, akafunga mlango.